Tsavoraiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ganeti ya Kijani ya Afrika Mashariki

Tsavoraiti ni jiwe gani hasa?

Tsavoraiti ni kito cha kijani kilicho katika ukoo wa ganeti. Wengi wakisikia neno ganeti huwaza jiwe jekundu lililoiva kama punje za komamanga, na ndiyo maana mtu anapoonyeshwa ganeti ya kijani kibichi kwa mara ya kwanza hudhani anatania au analaghaiwa. Ganeti hata hivyo si jiwe moja. Ni kundi la madini yenye mpangilio mmoja wa atomi, yanayotofautiana kwa elementi zilizojaza nafasi katika mpangilio huo. Tawi linaloitwa grosula limeundwa kwa kalsiamu, aluminiamu na silika, na grosula iliyo safi kabisa haina rangi. Tsavoraiti ni grosula iliyopata kijani angavu.

Kijani hicho kinatoka wapi?

Kinatoka hasa kwa vanadi, na mara nyingine vanadi hiyo husindikizwa na kromi. Atomi chache za elementi hizo hukaa mahali ambapo aluminiamu ingekaa, nazo hufyonza baadhi ya rangi za nuru na kuacha kijani kipite. Kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na jiwe zima, lakini kinatosha kutofautisha kito cha thamani na jiwe lisiloangaliwa na mtu.

Vanadi hiyohiyo ndiyo inayoipa tanzanaiti uwezo wa kuwa ya buluu. Mawe haya mawili yanapatikana katika miamba ya Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, na mchimbaji anayeingia shimoni kutafuta la buluu anaweza kutoka na la kijani. Elementi ni moja, ila nyumba iliyoingia ni mbili tofauti: katika ganeti inatoa kijani, katika zoisaiti, yaani madini ambayo tanzanaiti ni aina yake, inatoa buluu na zambarau.

Nani aliigundua, na jina lake lilitoka wapi?

Historia yake inamhusu Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Uskoti. Husimuliwa kwamba mwaka 1961, akiwa kazini katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alikimbizwa na nyati akajitupa korongoni, na humo korongoni ndimo alimoona fuwele za kijani kwa mara ya kwanza. Jambo hilo halikuzaa mgodi. Mwaka 1967, alipokuwa akitafuta vito kaskazini mwa Tanzania, alizikuta tena karibu na kijiji cha Komolo, katika nyika za Simanjiro, safari hii zikiwa na rangi kali na wepesi wa kupitisha nuru uliowashangaza wafanyabiashara.

Kibali cha kuyasafirisha mawe hayo nje ya Tanzania hakikupatikana. Bridges akajenga hoja iliyo rahisi kwa mwanajiolojia na ngumu kwa afisa wa mpakani, kwamba mwamba haujui nchi. Ikiwa ukanda wa miamba ya Komolo unaelekea kaskazini-mashariki, basi lazima utokeze upande wa Kenya. Aliufuata, na kufikia mwaka 1971 alikuwa amelipata jiwe lilelile katika eneo la Taita, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Kuhusu maisha yake huko porini kuna visa vingi: kwamba aliishi katika nyumba iliyojengwa juu ya mti kwa kuhofia wanyama, na kwamba alimweka chatu alinde mawe yake, kwa kuwa alijua watu wanavyomwogopa nyoka.

Jina lilitolewa na Henry Platt wa kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York, kwa heshima ya Tsavo, na mwaka 1974 kampuni hiyo ikaanza kulitangaza jiwe hilo kwa umma. Ni kampuni hiyohiyo iliyoitangaza tanzanaiti miaka sita kabla. Kwa hiyo majina ya vito viwili vilivyotoka katika ardhi yetu yalitungwa kwenye duka moja la ng'ambo, ingawa ni haki kukiri kwamba majina yenyewe yalirudi nyumbani kuchukua mizizi yake. Bridges aliendelea kuchimba Kenya hadi Agosti 2009, alipouawa karibu na Voi katika mgogoro uliohusu haki za machimbo.

Inachimbwa wapi?

Kenya, katika Kaunti ya Taita-Taveta, hasa pande za Mwatate na Kasigau. Tanzania, huko Mirerani, Komolo na Lemshuku katika Wilaya ya Simanjiro, na kusini huko Ruangwa mkoani Lindi. Kusini mwa Madagaska nako imepatikana. Maeneo haya yote yamo katika ukanda mmoja mkongwe wa miamba ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Nje ya ukanda huo imeripotiwa kwa uchache mno, kiasi kwamba anayesema tsavoraiti kwa kawaida anasema jiwe la Afrika Mashariki na kisiwa cha jirani.

Kwa nini ni adimu, na hasa kwa nini yale makubwa hayaonekani?

Ili tsavoraiti ipatikane, mambo yasiyopatana kwa urahisi yalilazimika kukutana. Kwanza palihitajika matope meusi ya baharini, yaliyojaa mabaki ya viumbe na vanadi iliyojikusanya humo. Pili palihitajika kalsiamu ya kutosha karibu na matope hayo. Tatu, vyote viwili vizikwe chini sana na kupikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Hayo yalitokea miaka ipatayo milioni 600 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na bahari iliyokuwa kati yake ikafungwa. Matope yaligeuka kuwa miamba geu yenye kinywe, yaani grafiti nyeusi kama ya penseli, na ndiyo maana mchimbaji wa tsavoraiti hutoka shimoni akiwa mweusi kuanzia nywele hadi kucha.

Ndani ya miamba hiyo jiwe halikai kama tabaka la makaa ya mawe, ambalo ukilipata unalifuata. Mara nyingi hukaa katika madonge ya mviringo mfano wa viazi, yaliyovikwa ganda lisilo na thamani, yakiwa yametawanyika katika tabaka jembamba. Donge moja laweza kuwa na kito katikati, na lifuatalo likawa tupu. Baya zaidi ni kwamba miamba hiyo iliendelea kubanwa na kukunjwa baada ya madonge kuumbika, kwa hiyo mengi yalipasuka yakiwa humohumo ardhini. Mchimbaji akiligonga linamwagika mkononi vipande vidogovidogo, vya rangi nzuri kabisa, lakini vipande.

Hiyo ndiyo sababu ya uadimu wa ukubwa. Tsavoraiti iliyokatwa yenye chini ya karati 1, yaani chini ya gramu 0.2, inapatikana kwa mtu anayeitafuta kwa subira. Ikizidi karati 2 ikiwa safi na yenye rangi nzuri, wauzaji huanza kupunguza sauti wanapoizungumzia. Ikizidi karati 5 wauzaji hupigiana simu. Katika zumaridi na yakuti, jiwe la karati 5 ni kubwa lakini halishangazi. Katika tsavoraiti ni tukio.

Kwa nini inametameta kuliko zumaridi?

Swali hili ndilo hasa linalowaleta watu kwenye jiwe hili, na jibu lake limo katika jinsi nuru inavyotendewa ndani yake.

Nuru inapoingia katika kito hupunguza mwendo na kupinda. Kadiri jiwe linavyoipinda nuru kwa nguvu, ndivyo mkataji anavyopata nafasi ya kuipangia nyuso za chini ziirudishe juu kwenye jicho la mtazamaji badala ya kuiacha ivuje kupitia tumboni mwa jiwe. Kipimo cha upindaji huo kwa tsavoraiti ni takribani 1.74, kwa zumaridi ni takribani 1.58, na kwa almasi ni 2.42. Tofauti kati ya 1.58 na 1.74 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ukiyaweka mawe mawili yaliyokatwa vizuri juu ya kitambaa cheupe, moja linang'aa kwa upole kama maji ya kisimani na jingine linarusha cheche kila unapolitikisa.

Pili, tsavoraiti huigawanya nuru nyeupe katika rangi zake kwa kiwango cha 0.028, mara mbili ya zumaridi. Ni kweli kwamba kijani chake kizito hufunika sehemu kubwa ya mgawanyiko huo, na anayetaka kuona upinde wa mvua ukicheza ndani ya ganeti ya kijani atafute demantoidi, binamu yake wa Milima ya Ural, ambayo kwa sifa hiyo huishinda hata almasi. Hata hivyo, katika tsavoraiti za rangi nyepesi mwako mwekundu au wa chungwa huonekana ukipita, hasa chini ya taa moja kali kwenye chumba chenye giza.

Tatu, mpangilio wa atomi zake ni sawa pande zote, hivyo mwale ukiingia unabaki mmoja. Katika mawe mengi mengine, kama turmali, mwale hugawanyika kuwa miwili, na rangi hubadilika kulingana na upande unaotazama. Mkataji wa tsavoraiti hana haja ya kuhangaika na upande wenye rangi nzuri. Anaweza kulielekeza jiwe kokote kunakookoa uzito mwingi zaidi.

Nne ni usafi. Zumaridi kwa kawaida imejaa nyufa na ukungu wa ndani, kiasi kwamba mashabiki wake wameupa jina la bustani. Tsavoraiti nayo ina vijidoa vyake, vikiwemo vipande vya kinywe na utando mwembamba wa vimiminika vilivyonaswa, lakini mawe madogo yaliyo safi kwa macho si muujiza.

Basi tsavoraiti ni bora kuliko zumaridi?

Inategemea unachokitafuta. Zumaridi ina historia ya maelfu ya miaka, kuanzia Misri ya kale hadi hazina za wafalme wa Kihindi, na historia ni sehemu ya bei. Tsavoraiti haina kitu cha namna hiyo. Umri wake sokoni haujafika hata wa mtu mzima aliyestaafu. Anayenunua sifa za jiwe lenyewe, kwa maoni ya mwandishi huyu, atapata zaidi katika tsavoraiti kwa fedha ileile. Anayenunua jina aende kwenye zumaridi.

Kuna jambo moja la kuzingatia mnapolinganisha. Tsavoraiti ni nzito kuliko zumaridi kwa ujazo uleule, kwa kuwa uzani wake ni kama mara 3.6 ya maji wakati zumaridi ni mara 2.7. Kwa hiyo karati moja ya tsavoraiti huonekana ndogo zaidi kwa macho kuliko karati moja ya zumaridi. Anayeagiza kwa karati bila kuuliza milimita hushtuka kifurushi kinapofika.

Je, hupikwa au kutiwa dawa ili ipendeze?

Kwa desturi, hapana, na hili kwa wakusanyaji wengi ni mvuto unaozidi hata mng'ao. Tanzanaiti karibu yote iliyo sokoni imepashwa moto. Yakuti nyingi zimepashwa moto. Zumaridi kwa kawaida hutiwa mafuta au utomvu ili nyufa zake zisionekane. Tsavoraiti hukatwa, hung'arishwa, basi. Rangi unayoiona ni ile iliyotoka nayo ardhini.

Kwa tahadhari, jiwe kubwa lenye ufa unaofika juu ya uso linastahili kukaguliwa na maabara kabla ya kulipiwa, kwa sababu mahali palipo na ufa huwa hapakosi mtu wa kujaribu kuuziba.

Ninapolitazama jiwe, nianze na nini?

Anza na mwanga unaolitazamia. Taa za vioo vya maduka zimechaguliwa ili kila kitu kiwake, kwa hiyo omba ruhusa ulipeleke jiwe dirishani, kisha ulitazame tena chini ya balbu ya kawaida ya manjano. Tsavoraiti nzuri hubaki kijani kote, na ndiyo sifa yake mojawapo kubwa.

Rangi inayotafutwa ni kijani halisi cha wastani hadi kilichokolea, bila umanjano mwingi, na ikiwa na ubuluu kidogo haiharibiki. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Husikia kwamba rangi iliyokolea ndiyo ghali, wakachukua jiwe lililokolea hadi likawa jeusi katikati, linalopendeza tu likimulikwa tochi. Jiwe la wastani lililo hai ni bora kuliko jiwe zito lililolala. Upande wa pili wa kipimo kuna mawe mepesi yanayouzwa kwa jina la mnanaa, mengi yakitoka Mirerani. Maabara hazikubaliani mahali hasa ambapo mpaka upo kati ya tsavoraiti na grosula ya kijani hafifu, hivyo jiwe moja linaweza kupata majina mawili katika vyeti viwili. Mawe hayo mepesi ndiyo yanayometa kupita yote, na bado bei zake ni za huruma.

Baada ya rangi, tazama ukataji. Ligeuze jiwe uso juu, ulitikise polepole. Kukiwa na dirisha katikati, yaani sehemu unayoweza kuona kidole chako kupitia, jiwe limekatwa jembamba mno. Kukiwa na kiza kisichoondoka, limeachwa na tumbo nene ili uzito uongezeke kwenye mizani. Mawe yaliyokatwa haraka karibu na machimbo mara nyingi yana kasoro ya pili, kwa sababu muuzaji hulipwa kwa karati. Kulikata upya hupunguza uzito lakini huweza kulifufua.

Nitatambuaje bandia?

Tsavoraiti iliyotengenezwa maabara haiuzwi kibiashara, lakini viigizo ni vingi. Kioo cha kijani ndicho cha kawaida zaidi. Ukitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona viputo vya hewa vya mviringo, kingo za nyuso zilizolegea, na mistari inayojizungusha kama sharubati ambayo haijakorogwa vizuri. Turmali ya kijani hubainika kwa kutazama kingo za nyuma kupitia mbele ya jiwe, kwani huonekana maradufu, na tsavoraiti haifanyi hivyo. Kuna pia zirkonia na ganeti za viwandani za yitriamu zilizotiwa rangi, ambazo ni nzito kuliko jiwe halisi na huwa safi kupita kiasi.

Usafi uliopitiliza katika jiwe kubwa la bei ndogo ni ishara tosha ya kusimama. Majaribio ya mitaani, kama kukwaruza kioo au kulipasha jiwe moto kwa kiberiti, hayathibitishi lolote na yanaweza kuliharibu jiwe halisi.

Inaweza kuvaliwa kila siku?

Katika hereni na kidani, bila shaka. Katika pete, ni sawa ikiwa mvaaji ni mwangalifu. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kati ya 7 na 7.5, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatsi zenye ugumu wa 7, maana yake ni kwamba miaka mingi ya kuipangusa pete kwa kitambaa kikavu itazilainisha kingo za nyuso. Faida yake ni kwamba haina mikondo ya asili ya kupasukia, hivyo pigo moja haliipasui vipande kwa urahisi kama linavyoweza kuipasua tanzanaiti.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini. Usitumie mvuke. Pete inapohitaji kuongezwa au kupunguzwa, mwambie sonara alitoe jiwe kwanza, kwa sababu moto wa kuchomelea na ubaridi wa maji yanayofuata vinaweza kulipasua.

Nikiwa Arusha au Voi, naweza kununua moja kwa moja kwa mchimbaji?

Unaweza kukutana naye, kunywa naye chai, na kuonyeshwa karatasi iliyokunjwa yenye mawe. Kununua ni jambo jingine. Tanzania inataka leseni kwa anayefanya biashara ya madini au udalali wake, na tangu mwaka 2019 kuna masoko rasmi ya madini ambamo mauzo hufanyika mbele ya maofisa na mrabaha kulipwa. Kenya nayo, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, inataka leseni kwa wafanyabiashara na kibali kwa anayesafirisha nje. Njia iliyo salama kwa mgeni au mkusanyaji wa kawaida ni kununua jiwe lililokatwa, dukani, kwa muuzaji mwenye leseni, na kutunza risiti, kwa kuwa ndiyo itakayoulizwa uwanja wa ndege.

Jiwe ghafi lina hatari ya ziada kwa asiye mzoefu. Zaidi ya nusu ya uzito hupotea katika kukata, na ufa uliojificha ndani unaweza kukuachia punje tatu ndogo badala ya kito kimoja.

Tsavoraiti ipi ndiyo maarufu zaidi duniani?

Ni ile inayoitwa Lion of Merelani, yaani Simba wa Mirerani. Jiwe ghafi lake lilitoka Mirerani likiwa na karati 283.74, likakatwa na Victor Tuzlukov, na kikabaki kito cha karati 116.76 chenye umbo la mraba uliolainishwa pembe. Anayekumbuka yaliyosemwa hapo juu kuhusu karati 5 ataelewa ukubwa wa tarakimu hiyo. Tangu mwaka 2023 kimo katika mkusanyo wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington.

Nina bajeti ndogo. Nianzeje mkusanyo?

Usikimbilie jiwe moja kubwa. Nunua moja la wastani lenye nusu karati hivi, safi na lililokatwa kwa nidhamu, ulizoee hadi macho yako yaijue rangi yake asubuhi na jioni. Kisha ongeza moja la rangi ya mnanaa, ili uone mwako ambao kijani kizito huuficha. La tatu liwe kipande cha mwamba wenye kinywe ambamo ganeti bado imo, hata kama ni chembe tu isiyofaa kukatwa, kilichouzwa kwa risiti kama vingine. Kipande hicho kitachafua vidole kila unapokishika, kwa hiyo kiwekee kijisanduku chake peke yake.